Ugumu wa Metali na Vifaa Vingine vya Uhandisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mafundi wa Mtwara na Lindi

Maswali yaliyojibiwa hapa ni ya karakana. Yanaulizwa na wakerezaji wa shafti za boti na pampu, wachomeleaji wa mabomba na matangi, wahunzi wanaofua mapanga kutokana na springi kuukuu za magari, wanaotunza mashine za kubangua korosho, na vijana wa vyuo vya ufundi ambao wamesoma majina ya vipimo kabla hawajaiona mashine yenyewe. Kwa kuwa wengi wao hawana mashine ya kupimia, majibu hayaishii kwenye nadharia bali yanaeleza pia kinachowezekana kwa tupa, jiriwa na jicho lililozoea kazi.

Ugumu ni nini hasa? Je, kitu kigumu ndicho kitu imara?

Katika uhandisi, ugumu ni uwezo wa uso wa kitu kukataa kubonyezwa, kukwaruzwa au kulika kinapokutana na kitu kingine. Nguvu ni jambo jingine: ni kiasi cha mvuto au mgandamizo ambao kitu hubeba kabla hakijapinda pasipo kurudi au hakijakatika. Tena kuna ustahimilivu, yaani uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Kioo cha dirisha hakikwaruziki kwa msumari wa kawaida, lakini kikiangushwa sakafuni hutawanyika vipande vipande, ilhali msumari ukiangushwa mara mia unabaki msumari. Fundi anayeagiza chuma "kigumu kuliko vyote" kwa ajili ya shafti ya boti hajui kwamba huenda anaagiza shafti itakayokatika siku mashua itakapogonga mwamba.

Kwa chuma chenyewe, hata hivyo, ugumu na nguvu ya mvuto huenda pamoja kwa karibu, na ndiyo sababu kipimo cha ugumu kinapendwa. Ni cha haraka, hakiharibu kipande zaidi ya kuacha alama ndogo, na humwambia fundi mambo ambayo vinginevyo yangehitaji kukata sampuli na kuivuta mpaka ikatike.

Baba alikuwa akipima kwa tupa. Je, njia hiyo inategemewa?

Inategemewa kwa kadiri yake, na sioni sababu ya kuidharau. Tupa nzuri huwa na ugumu wa takriban 60 hadi 65 katika kipimo cha Rockwell C, kinachoelezwa hapo chini, kwa hiyo inakula kila kitu kilicho laini kuliko yenyewe. Ikiteleza juu ya chuma bila kushika, kama inayopita juu ya kioo, basi chuma hicho kiko karibu na 60 au zaidi. Ikishika kwa shida na kutoa unga mdogo, chuma kiko katika miaka ya 50. Ikila vizuri lakini mkono ukahisi upinzani, chuma kiko kati ya 40 na 50. Ikizama mara moja na kutoa chembe nene, mbele yako pana chuma laini cha kawaida.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye tupa na kwenye mkono. Tupa iliyochakaa huteleza hata juu ya chuma cha wastani, na mafundi wawili huweza kutoa hukumu mbili juu ya kipande kimoja. Dawa yake ni kutenga tupa moja isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote, na kuwa na vipande vitatu au vinne ambavyo ugumu wake unajulikana: gololi ya beringi, ambayo kwa kawaida iko kati ya 60 na 64, kipande cha springi ya gari, ambacho mara nyingi kiko katika miaka ya 40, na kipande cha chuma laini. Kabla ya kuhukumu kipande kipya, pitisha tupa juu ya vile vya zamani ili mkono ukumbuke. Zipo pia seti za tupa za kupimia zinazouzwa zikiwa zimeandikwa namba, kwa kawaida kuanzia 40 hadi 65, nazo hupunguza ubishi bila kuumaliza.

Kipimo cha Mohs tulichofundishwa shuleni kinafaa karakana?

Hapana, isipokuwa kwa mawe. Friedrich Mohs alikipanga mwaka 1812 kwa ajili ya madini, akiyaweka kwa zamu kumi kulingana na lipi humkwaruza mwenzake: talki ni 1, jasi ni 2, kalisaiti ni 3, na kuendelea mpaka kwati yenye 7 na almasi yenye 10. Mkazi wa Lindi anaweza kuuona mwanzo wa kipimo hicho nyumbani kwake, kwa maana jasi ya Kilwa hukwaruzwa kwa ukucha, na kinywe (grafaiti) cha Ruangwa na Nachingwea ni laini kiasi cha kuandikia. Mawe ya matumbawe yaliyojengea magofu ya Kilwa Kisiwani na nyumba za kale za Mikindani yako karibu na 3 hadi 4. Lakini zamu hizo hazina nafasi sawa kati yake. Almasi iliyo ya 10 haiyazidi madini ya korundumu yaliyo ya 9 kwa hatua moja ndogo, bali huyazidi mara kadhaa. Vyuma vingi vya kazi hujibana kati ya 4 na 8, na kipimo kisichoweza kutenganisha panga na beringi hakimsaidii mkerezaji.

Kipimo cha Brinell hufanywaje?

Johan August Brinell, mhandisi wa Sweden, alikionyesha mwaka 1900, na wazo lake ni jepesi kiasi kwamba mtu hushangaa halikuja mapema. Gololi ngumu yenye kipenyo cha milimita 10 hukandamizwa juu ya chuma kwa mzigo wa kilo 3,000 kwa muda wa sekunde 10 hadi 15, kisha kipenyo cha shimo lililobaki hupimwa kwa hadubini ndogo. Kwa metali laini kama alumini, mzigo hupunguzwa hadi kilo 500. Zamani gololi ilikuwa ya chuma; siku hizi ni ya tangsteni kabaidi, kwa sababu gololi ya chuma ilikuwa inabonyea yenyewe ikikutana na chuma kigumu.

Namba ya Brinell ni mzigo uliogawanywa kwa eneo la uso wa shimo lililopinda. Tuseme shimo lina kipenyo cha milimita 4.00. Chukua 10 mara 10, toa 4 mara 4, upate 84, ambayo kipeo chake cha pili ni 9.165. Toa hiyo kwenye 10, ibaki 0.835. Zidisha kwa 10 na kwa 3.1416, upate 26.23, ambayo nusu yake, milimita za mraba 13.1, ndiyo eneo la shimo. Gawa 3,000 kwa nusu hiyo, au kwa ufupi zaidi: gawa 6,000 kwa 26.23. Jibu ni 229. Huandikwa 229 HBW 10/3000, na mkia huo si pambo, kwa kuwa unamwambia msomaji gololi ilikuwa ya ukubwa gani na mzigo ulikuwa kiasi gani.

Faida kubwa ya shimo pana ni kwamba hulinganisha chembe ngumu na laini zilizochanganyika. Kwa hiyo Brinell hufaa sana chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini na miili ya pampu, ambacho ndani yake mna vipande vya kinywe. Na kwa chuma cha kawaida kisicho cha kusubu, ukizidisha namba ya Brinell kwa 3.45 unapata makadirio ya nguvu ya mvuto kwa megapaskali. Chuma cha 229 kina takriban 790. Ni makadirio tu, wala hayafai kwa shaba au alumini.

Rockwell ina herufi nyingi. Nitumie ipi?

Kwa kazi nyingi za huku kwetu, herufi mbili zinatosha. C hutumia ncha ya almasi yenye umbo la pia, pembe ya digrii 120, na mzigo wa jumla wa kilo 150. Ni ya chuma kilichotiwa ugumu, kuanzia takriban 20 kwenda juu. B hutumia gololi yenye kipenyo cha milimita 1.588 na mzigo wa kilo 100. Ni ya chuma laini na shaba.

Uzuri wa njia hii, ambayo Hugh Rockwell na Stanley Rockwell wa Marekani waliiombea hataza mwaka 1914, ni kwamba haihitaji hadubini. Mashine huweka kwanza mzigo mdogo wa kilo 10 ili ncha ikae vizuri na kupita vumbi na mikwaruzo, kisha huongeza mzigo mkubwa, huuondoa, na kusoma ncha imebaki imezama kiasi gani. Kila milimita 0.002 ya kuzama hupunguza namba moja, kuanzia 100 kwa C na 130 kwa B. Chuma chenye 40 HRC, yaani 40 ya Rockwell C, kimeacha ncha izame milimita 0.12. Kutokana na hesabu hiyo mtu anaona mara moja kwa nini kipande chembamba hakifai: unene unatakiwa uwe angalau mara kumi ya kina hicho, la sivyo unapima meza iliyo chini yake.

Kwa nini mkaguzi wa mishono ya kuchomelea huomba Vickers?

Kwa sababu mshono hauna ugumu mmoja. Kuna metali iliyoyeyuka, kuna chuma cha asili, na kati yao kuna ukanda mwembamba uliopashwa moto sana bila kuyeyuka, kisha ukapoa haraka. Ukanda huo huweza kuwa mgumu kuliko pande zote mbili, na upana wake ni milimita chache tu. Gololi ya Brinell ingeufunika wote na jirani zake. Kipimo cha Vickers, kilichobuniwa Uingereza mwaka 1921 na Robert Smith na George Sandland, hutumia piramidi ya almasi yenye pembe ya digrii 136, na mzigo wake huweza kupunguzwa mpaka alama ikawa ndogo kuliko ncha ya sindano. Namba yake ni 1.854 mara mzigo kwa kilo, igawanywe kwa mraba wa ulalo wa alama kwa milimita. Mzigo wa kilo 30 ukiacha ulalo wa milimita 0.5, jibu ni 222 HV 30.

Kwa mishono ya kawaida ya chuma cha ujenzi, vikomo vingi huwekwa karibu na 350 hadi 380 HV. Palipo na gesi yenye haidrojeni salfaidi, kikomo hushuka hadi karibu 250 HV, yaani takriban 22 HRC, kwa sababu chuma kigumu zaidi ya hapo hupasuka kikinyonya haidrojeni. Katika mikoa yetu yenye visima vya gesi vya Mnazi Bay na Songo Songo, kijana anayetarajia kuajiriwa kuchomelea mabomba afadhali alielewe jambo hili mapema. Haidrojeni haitoki kwenye gesi peke yake. Hutoka pia kwenye fimbo za kuchomelea zilizonyonya unyevu, na hewa ya pwani yetu haimhurumii mtu aliyeacha pakiti wazi usiku kucha. Fimbo za haidrojeni ndogo hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto 300 au zaidi, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Kuzianika juani hakutoshi.

Je, ninaweza kubadili namba ya Brinell kuwa Rockwell kwa jedwali?

Unaweza, kwa tahadhari. Majedwali hayo yametokana na kupima vipande vilevile kwa njia zote mbili, si kanuni ya kihesabu, na kila jedwali lina aina yake ya metali. Jedwali la chuma cha kaboni halihusiki na shaba wala na chuma cha manganizi. Ikiwa mchoro umetaka HRC na wewe umepima HBW, andika ulichopima kwanza, kisha useme kuwa namba ya pili imebadilishwa. Namba ya ugumu isiyotaja kipimo chake ni sawa na kusema umbali ni arobaini bila kusema ni hatua au kilomita. Nimewahi kuona agizo la vipuri lililoandikwa "ugumu 60" pekee. Aliyeagiza alikuwa na maana ya Rockwell C, aliyeleta akaelewa Rockwell B, na visu vya kubangulia korosho vilivyofika vilijikunja siku ya kwanza.

Vile vifaa vidogo vya mkononi vinaaminika?

Vingi hutumia njia ya Leeb, iliyoanza miaka ya 1970. Kijiti chenye gololi ya kabaidi hurushwa kugonga uso, na kifaa hulinganisha kasi ya kurudi na kasi ya kwenda. Chuma kigumu hurudisha kwa kasi zaidi. Ni msaada mkubwa kwa kitu kisichobebeka, kama shafti ndefu iliyoko bandarini au gia kubwa iliyofungwa mahali pake.

Lakini kifaa hicho hudanganywa na wepesi. Kipande chenye uzito wa chini ya kilo 5 hutikisika kinapogongwa, hula sehemu ya nguvu, na namba hushuka kana kwamba chuma ni laini. Ukuta mwembamba wa bomba hufanya vivyo hivyo. Kipande kidogo kibandikwe kwa grisi nyepesi juu ya bamba zito lililo bapa, na elekeo la kugonga, kama ni chini, juu au ubavuni, liwekwe sawa kwenye kifaa.

Uso wa kipande utayarishwe vipi?

Kutu, rangi na magamba ya moto viondolewe mpaka chuma king'ae. Huku pwani kutu hurudi upesi, hivyo safisha na upime siku hiyohiyo. Usitumie grenda kwa papara: uso ukibadilika kuwa wa buluu umeshaupasha moto, na unachokipima sasa ni kazi ya grenda yako. Malizia kwa msasa. Alama zisisongamane, kwani chuma kilicho karibu na shimo kimeshakazwa na shimo hilo. Acha angalau vipenyo vitatu kutoka kitovu hadi kitovu, na viwili na nusu kutoka ukingoni.

Panga langu la springi ya gari limevunjika kama kigae. Nilikosea wapi?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote. Chuma cha springi kina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, kiasi cha kutosha kukifanya kiwe kigumu sana kikipozwa ghafla kutoka kwenye wekundu. Katika kupoa huko, chembe za chuma hazipati muda wa kujipanga kama kawaida. Kaboni hunaswa kati yao, na muundo unaopatikana, uitwao martensaiti, ni mgumu na mwepesi wa kupasuka. Panga lililotoka majini hivihivi linaweza kuwa karibu na 60 HRC. Tupa inateleza juu yake, mhunzi anafurahi, na kumbe ameshika kioo.

Hatua iliyosahauliwa ni kulirudisha motoni kwa joto dogo. Ling'arishwe upande mmoja, lipashwe polepole, na rangi ya uso itazamwe: njano nyepesi hutokea karibu na nyuzi joto 220, kahawia karibu na 250, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Kwa kisu kidogo, njano iliyokolea inatosha. Kwa panga la kufyekea mikorosho, ambalo litagonga mawe na visiki, sogea hadi buluu. Ugumu utashuka kufikia miaka ya 50 au chini kidogo, na panga litakubali kupinda kabla ya kukatika.

Kosa la pili ni maji. Vyuma vingi vya springi vimechanganywa na kromiamu au silikoni ili viweze kutiwa ugumu ndani ya mafuta, na maji, hasa ya chumvi, hupoza kwa ukali unaozidi haja na kuacha nyufa usizoziona kwa macho. Anza na mafuta.

Nilifanya hivyohivyo kwa chuma laini cha ujenzi, hakikuwa kigumu.

Hakina kaboni ya kutosha. Chenye asilimia 0.2 au chini yake hakitafikia ugumu wa panga hata ukipoze mara kumi.

Taya za mashine ya kuponda mawe zilipimwa zikiwa mpya, zikaonekana laini. Tumetapeliwa?

Huenda hapana. Taya hizo mara nyingi ni chuma cha manganizi, alichokivumbua Robert Hadfield wa Uingereza mwaka 1882. Kikiwa kipya kina takriban 200 HBW, jambo linalomshangaza mnunuzi, lakini kila pigo la jiwe hukaza uso wake mpaka ukafikia karibu 500, huku ndani kikibaki kistahimilivu. Sharti lake ni mapigo makubwa. Mahali ambapo mchanga unasugua tu bila kugonga, uso hauwahi kukaza na chuma huliwa upesi, kwa hiyo kununua manganizi kwa ajili ya mfereji wa mchanga ni kupoteza fedha.

Mipira na sili hupimwaje?

Kwa kipimo cha Shore A, ambacho sindano yake husukumwa na springi na kusoma kati ya 0 na 100. Sili nyingi za mafuta ziko karibu na 70. Iliyokaa miaka ghalani ikisoma 85 imekakamaa, itupwe.

Na zege?

Nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa Uswisi na Ernst Schmidt, hupima mrudo wa kichwa cha chuma kilichogonga uso wa zege. Chukua masomo kumi mahali pamoja, epuka kokoto kubwa na nondo zilizo karibu na uso. Zege la zamani huwa na ngozi iliyokazwa na hewa, ambayo huifanya nyundo kusoma juu kuliko hali ya ndani. Nyundo hii hufaa kutafuta sehemu dhaifu za jengo moja. Haiwezi peke yake kuchukua nafasi ya kuponda sampuli.

Wachongaji wa Kimakonde husema mpingo huua patasi. Ugumu wa mti hupimwa pia?

Hupimwa kwa njia ya Janka, inayotumia gololi ya milimita 11.28, ukubwa uliochaguliwa ili ikizama nusu yake iache duara lenye eneo la sentimita moja ya mraba. Nguvu inayohitajika kuizamisha hivyo ndiyo namba ya ugumu. Mninga huhitaji takriban nyutoni 6,000. Mpingo huhitaji takriban 16,000. Patasi ya kuchongea mninga iliyonolewa kwa pembe nyembamba hukatika meno kwenye mpingo, na mchongaji mwenye busara huongeza pembe ya makali kabla hajamlaumu mhunzi.

Nimepima mara tano na kupata namba tano. Ipi ni ya kweli?

Zikitofautiana kwa namba moja au mbili za HRC, chukua wastani na uandike pia ya juu na ya chini. Zikitofautiana kwa kumi, usichukue wastani. Geuza kipande utazame kama kimekaa bapa, kisha upime kibao cha rejea chenye ugumu uliothibitishwa. Kibao kikitoa namba yake, tatizo liko kwenye kipande, na pengine kimetiwa ugumu upande mmoja tu. Kibao kikikataa, kagua ncha ya almasi kwa kioo cha kukuzia kabla ya jambo jingine lolote, kwani ncha iliyomeguka huendelea kutoa namba zinazofanana na za kweli kwa miezi mingi, na mashine yenyewe ipelekwe ikarekebishwe na maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo.